Chupa ya vitamini au kapu la Kalerwe: kipi kimfae mgonjwa wa saratani ya mapafu?

Mjomba alipoanza matibabu ya saratani ya mapafu, ndugu tulichanga shilingi 350,000. Dawa za hospitali hazikutugawa, kwani daktari alishazipanga. Tulichogombania ni cha kuongezea. Binamu yangu alikuja na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, yenye chupa tatu: vitamini E, vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji, na vidonge vya rangi ya chungwa vya beta-karotini. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba vinasafisha mapafu na kuyapa nguvu za kupigana na ugonjwa. Mke wa mjomba alitaka pesa hiyo iende soko la Kalerwe, hapa Kampala: mboga ya dodo (mchicha), mapera, mukene (dagaa), karanga za kusaga, na gunia dogo la makaa.

Tulibishana katika chumba tulichopanga Kamwokya mpaka moto ukafa kwenye sigiri. Wote wawili walikuwa wanampigania mgonjwa mmoja, na hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mgumu. Naandika ulinganisho huu kwa familia iliyokaa pale tulipokaa sisi, na uamuzi wangu nautoa mapema: kwa mtu ambaye tayari ana saratani ya mapafu, kapu la sokoni linaishinda chupa. Bei ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni protini moja ndani ya seli, jina lake BACH1.

Chupa na kapu vinafanana wapi

Vyote viwili vina antioksidanti. Mwili unapotumia oksijeni, hutoa chembe kali ambazo zikizidi huharibu seli na hata DNA yenyewe, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Moshi wa sigara huzileta kwa wingi, na moshi wa kuni jikoni vilevile. Antioksidanti huzituliza chembe hizo. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini zimo katika kundi hili, pamoja na dawa ya kulainisha makohozi iitwayo asetili-sisteini. Mapera yana vitamini C, karanga zina vitamini E, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina beta-karotini.

Kwa hiyo hoja ya binamu haikuwa ya kijinga. Ikiwa chembe kali huharibu DNA, na DNA iliyoharibika ndiyo huzaa saratani, basi antioksidanti nyingi ingekuwa kinga nyingi. Wanasayansi wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi, wakaijaribu imani hiyo kwa maelfu ya watu. Ila kuna jambo ambalo hoja hiyo inaliruka. Seli ya saratani nayo ni seli. Chembe kali zinaisumbua pia, na pengine zaidi ya seli yenye afya, kwa kuwa inaishi mbio mbio na kuchafua mazingira yake yenyewe. Ukizituliza chembe hizo mwili mzima, unampumzisha mgonjwa na unaupumzisha uvimbe pamoja naye.

BACH1 inavyofanya kazi

Jeni ni maagizo. Seli ya pafu na seli ya ini zina maagizo yaleyale, tofauti ni yapi yanasomwa na yapi yamefungwa. Kazi ya kufungua na kufunga hufanywa na protini zinazoshika DNA, na BACH1 ni mojawapo. Watafiti wa Japani ndio walioieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1996. Siku za kawaida hukaa juu ya jeni fulani na kuzifunga, ikiwemo jeni ya kimeng'enya kinachovunja hemu. Hemu ni ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake, na kila seli ina kiasi chake.

Sasa fuatilia mnyororo huu, kwa kuwa ndio unaoamua kati ya chupa na kapu. Chembe kali zinapoongezeka, hemu huachiliwa huru ndani ya seli. Hemu huru huishika BACH1, na BACH1 ikishikwa huachia DNA kisha huvunjwavunjwa. Yaani seli yenye shida haidumu na BACH1 nyingi. Lete antioksidanti kwa kipimo kikubwa: chembe kali zinapungua, hemu huru inapungua, hakuna wa kuishika BACH1, nayo inabaki na kujikusanya.

BACH1 iliyojikusanya ndani ya seli ya saratani ya mapafu haikai bure. Inawasha jeni za kuchoma sukari kwa haraka. Seli inavuta glukosi nyingi zaidi, inatoa asidi ya laktiki, na inapata nguvu ya kutembea. Inajichomoa kwenye uvimbe, inaingia kwenye damu au limfu, na kuweka makao kwingine: kwenye tezi za kifuani, kwenye ini, kwenye mifupa, kwenye ubongo. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu huuawa na kusambaa huku, kuliko ule uvimbe wa kwanza.

Habari hii ilitoka mwaka 2019 kwa makundi mawili tofauti, katika jarida la Cell. La kwanza liliongozwa na Martin Bergo wa taasisi ya Karolinska nchini Sweden. Walitumia panya wenye saratani ya mapafu, wakawapa vitamini E au asetili-sisteini kwa muda mrefu, na saratani ikasambaa zaidi. Walipoiondoa BACH1, msukumo wa kusambaa ulipungua. La pili liliongozwa na Michele Pagano wa New York, na limenigusa zaidi. Karibu asilimia 30 ya saratani za mapafu za aina isiyo ya seli ndogo, ambayo ndiyo aina ya kawaida zaidi, zina kasoro katika jeni ambazo huufanya uvimbe ujitengenezee antioksidanti zake wenyewe. Mwisho wake ni uleule: hemu inapungua, BACH1 inapanda, saratani inasafiri.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa umeshika chupa mkononi. Kuna uvimbe ambao umebadilisha jeni zake ili upate kitu ambacho binamu yangu alikinunua kwa pesa yetu na kukileta kwa kaveera.

Mwaka 2023 kundi la Bergo liliongeza jambo jingine: vitamini C nayo, kupitia BACH1 hiyohiyo, ilihimiza uvimbe uote mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huulisha uvimbe na kuufungulia njia ya kutokea.

Panya si mtu

Mke wa mjomba aliuliza hivyo hivyo nilipomweleza, na ana haki. Majaribio mengi ya BACH1 yamefanywa kwa panya na kwa seli za maabara. Kwa binadamu, watafiti walipima uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa na kukuta BACH1 imepanda zaidi pale saratani ilipokwisha kusambaa, na wagonjwa wenye dalili za BACH1 kufanya kazi sana waliishi muda mfupi zaidi. Hiyo haisemi kwamba kidonge ndicho kilichowasambazia ugonjwa.

Lakini tuna ushahidi mwingine wa watu halisi, mkubwa na wa zamani. Finland walichukua wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara, wa umri wa miaka 50 hadi 69, na kuwapa baadhi yao beta-karotini miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E miligramu 50, wengine vyote viwili, wengine kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliopata beta-karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Vitamini E haikuwakinga. Marekani walifanya jaribio lao kwa watu 18,314, wavutaji wa sasa na wa zamani pamoja na watu waliofanya kazi kwenye asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu), wakawapa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 1996 walilisimamisha miezi 21 kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Majaribio hayo mawili yaliangalia nani ataugua, hayakuangalia ugonjwa unavyosambaa kwa aliyekwisha kuugua. Hata hivyo yaliivunja ile ahadi ya muuzaji. Kidonge kilichotarajiwa kuwa ngao kwa pafu la mvutaji kiligeuka mzigo. Mjomba aliendesha lori kati ya Arua na Kampala kwa miaka 30, sigara mdomoni. Mtu wa namna yake ndiye hasa waliyemchunguza.

Kipimo kwa kipimo

Hapa ndipo watu wengi huteleza, wengine kwa kuogopa hata dodo. Weka chupa upande mmoja na kapu upande wa pili, uhesabu.

Vitamini E. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku. Kidonge cha uniti 400 (IU, kipimo kinachoandikwa kwenye chupa) kinachotolewa kwenye mafuta ya mimea kina miligramu 268. Gramu 100 za karanga zina kama miligramu 8. Yaani kumeza kidonge kimoja ni sawa na kula zaidi ya kilo 3 za karanga, kila siku, bila kukosa. Hakuna mchuzi wa karanga (binyebwa) duniani utakaokufikisha huko, hata ukipikiwa na nyanya yangu.

Vitamini C. Pera moja la wastani lina zaidi ya miligramu 100, na mahitaji ya mwanamume ni 90 kwa siku, na 35 zaidi akiwa mvutaji. Kidonge cha kuyeyusha kina 1,000. Kiasi kidogo cha vitamini C mwili huchukua karibu chote. Ukivuka gramu moja unachukua chini ya nusu, na ziada inatoka kwenye mkojo. Pera moja limekwisha kumaliza kazi, na limekuja na nyuzinyuzi, maji, na ladha ambayo mgonjwa asiye na hamu bado anaweza kuitaka.

Beta-karotini ndiyo inayoleta utata, na sitaki kuificha. Gramu 200 za viazi vitamu vyenye rangi kali ya chungwa, vikichemshwa, zinaweza kubeba karibu miligramu 19. Kwa karatasi, hicho ni karibu kipimo kile cha Finland! Je, tutupe viazi? La. Karotini ya kwenye kiazi imefungwa ndani ya chakula, na utumbo hufyonza sehemu yake tu. Ile ya kidonge imetengenezwa ifyonzwe kirahisi, na kule Finland iliipandisha karotini ya kwenye damu mara 17 hivi. Tena katika jaribio lilelile, wanaume waliokuwa na karotini zaidi kutokana na chakula chao kabla ya kuanza vidonge ndio ambao wachache zaidi miongoni mwao waliugua. Kitu kilekile, jina lilelile, njia mbili za kuingia mwilini, matokeo mawili. Bergo mwenyewe, baada ya utafiti wake, aliwaambia watu wasiogope antioksidanti za kwenye chakula cha kawaida.

Bei sitaisemea sana. Chupa tatu zile zilikuwa zimekula zaidi ya nusu ya mchango. Kilichobaki kilitulisha kwa wiki mbili na kulipa boda boda za kupanda kilima cha Mulago, hospitalini.

Kuna vitamini za daktari, nazo usiziondoe

Baada ya kusikia haya yote, binamu yangu alienda upande wa pili kabisa. Akataka mjomba aache kila kitu chenye neno vitamini. Hapo nilishtuka, maana daktari alikuwa amemwandikia asidi ya foliki ya kila siku na sindano ya vitamini B12.

Kuna dawa ya kemo (kemotherapi, dawa za kuua seli za saratani) iitwayo pemetreksedi, inayotumika kwa aina fulani za saratani ya mapafu. Anayepewa dawa hiyo lazima apate asidi ya foliki, mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, kuanzia wiki moja kabla ya dripu ya kwanza, pamoja na sindano ya B12 ambayo hurudiwa kila baada ya mizunguko mitatu. Bila hizo, dawa huushambulia uboho wa mifupa na utumbo kwa ukali, na mgonjwa anaweza kupoteza maisha kwa madhara ya tiba. Vitamini hizi mbili hazikuandikwa ili zitulize chembe kali. Kazi yake ni kulinda seli zenye afya dhidi ya kemo hiyo.

Vivyo hivyo kwa kifua kikuu, ambacho kwetu Uganda hukaa jirani sana na saratani ya mapafu. Kikohozi ni kilekile, kukonda ni kulekule, jasho la usiku ni lilelile, na wapo wanaoanza kutibiwa kifua kikuu kabla saratani haijaonekana. Anayemeza dawa ya isoniazidi hupewa vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Usimnyang'anye. Na asetili-sisteini yenyewe, niliyoitaja kwa ubaya huko juu, ndiyo huokoa ini la mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi. Ikitolewa hospitalini kwa siku chache kwa sababu maalumu, hiyo ni tiba. Kinachonitia hofu ni ile inayomezwa nyumbani miezi na miezi kwa ushauri wa muuzaji.

Sasa uchague

Kama mgonjwa yuko kwenye kemo au mionzi, chagua kapu, na chupa ya antioksidanti ikae pembeni. Mionzi huua seli za saratani kwa sehemu kubwa kwa kuzalisha chembe kali ndani yake. Ukimpa mgonjwa kidonge cha kuzituliza asubuhi ya siku ya mionzi, unavuta kamba upande wa uvimbe.

Kama hawezi kula, hapo kapu peke yake halitoshi, na nisingependa mtu afe njaa akishikilia kanuni. Midomo ikiwa na vidonda, mpikie uji mzito wa mtama wenye odi (siagi ya karanga na ufuta) ndani yake, mukene aliyeoshwa mchanga wote kisha akasagwa laini, parachichi lililopondwa. Kidogo kidogo mara sita kwa siku humfaa kuliko sahani mbili kubwa. Uzito ukizidi kushuka, mwambie daktari, kuna maziwa maalumu yenye nguvu na protini. Yana vitamini ndani, lakini kwa kipimo cha chakula, tofauti na ile uniti 400. Matunda yaoshwe vizuri au yamenywe, kwa kuwa kemo hushusha chembe nyeupe za damu na tumbo lake halina ulinzi wa zamani.

Kama hana saratani ila anavuta sigara, na anafikiri kidonge cha beta-karotini kitafidia, jibu la wale wanaume 29,133 wa Finland linamtosha. Pesa ya kidonge haitamnunulia pafu. Kuacha sigara kutampunguzia hatari mwaka hadi mwaka.

Unga wa mlonge, mululuza (majani machungu ya dawa) na majani mengine ya kuchemsha siwezi kuyaweka kwenye mizani hii, kwa kuwa kila fungu lina kipimo chake. Mboga ya mlonge mezani ni chakula. Mlonge uliokaushwa ukajazwa kwenye kapsuli kumi kwa siku ni habari nyingine, na daktari anayekupa kemo anatakiwa kuijua.

Watu wengine wataniuliza kama waombe kipimo cha BACH1. Msipoteze pesa huko. Tiba ya saratani ya mapafu leo haipangwi kwa kipimo hicho. Msome pia vizuri: kusema kwamba hemu huivunja BACH1 hakumaanishi mgonjwa ameze vidonge vya chuma au ashindilie maini. Hemu inayozungumzwa ni ile inayotawaliwa ndani ya seli, na sahani haiifikii kirahisi hivyo.

Sisi tuliamuliwa na swali la sista, yaani muuguzi. Asubuhi ile alipokuwa anatafuta mshipa kwenye mkono wa mjomba, alimuuliza kwa upole, "Mzee, mbali na dawa zetu, unameza nini kingine nyumbani?" Mjomba akanitazama mimi. Nikatoa chupa tatu kwenye mkoba na kuzipanga kwenye ukingo wa kitanda. Sista akazisoma moja moja, akizigeuza ili aone vipimo vya nyuma, akaandika kwenye faili, kisha akamwita daktari. Hakutugombeza. Daktari aliposoma, aliziweka kando zote tatu, akainua ile pakiti ndogo ya asidi ya foliki na kusema, "Hii usikose hata siku moja."

Kwa hiyo kama chupa imekwisha kuingia nyumbani kwenu, usiifiche kwa aibu ya pesa iliyotumika. Ibebe kwenye kaveera yake mpaka kliniki, pamoja na dawa za kifua kikuu, dawa za presha na majani ya kuchemsha kama yapo. Uulize: Kitu hiki kina kipimo gani ukilinganisha na mahitaji ya siku? Kinagongana na kemo au mionzi ya mgonjwa wangu? Na kipi kati ya hivi ni lazima aendelee nacho?

Mchana ule tuliporudi Kamwokya, mke wa mjomba alikuwa ameshachemsha viazi na kuviweka chini ya majani ya ndizi visipoe. Mjomba alikula kimoja na nusu, akaomba pera.